Usizipakue upya, somo

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Ujumbe wako nimeusoma sasa hivi na nakuandikia mbio kabla hujanunua bando jingine. Zile video za masomo usizipakue upya. Naamini zimo humohumo kwenye kompyuta yako.

Umesema uliagiza kwa Start-BitsTransfer, ile amri ya Windows ya kupakua faili, ukaongeza -Asynchronous (yaani ipakue bila wewe kuisubiri), ukalala. Asubuhi bando limekwisha na folda ni tupu. Kazi iliyoagizwa hivyo huingia kwenye foleni ikaendelea chinichini, na hata ukizima kompyuta, ukiingia tena huendelea pale ilipoishia. Ila ikimaliza kupakua haikukabidhi mzigo. Hukaa ikingoja uupokee. Mpaka hapo kila video imefichwa ndani ya folda ileile uliyoitaja, kwa jina linaloanza na BIT na kuishia na .tmp.

Fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, kwa akaunti uliyotumia usiku, uandike:

Get-BitsTransfer

Tazama safu ya JobState, yaani hali ya kazi. Ukikuta Transferred, mzigo wote umefika, basi andika:

Get-BitsTransfer | Where-Object JobState -eq Transferred | Complete-BitsTransfer

Hapo ndipo faili zitajitokeza kwa majina yake. Transferring maana yake bado inavuta, iache. TransientError ni mtandao uliyumba, itajaribu tena yenyewe. Error ndiyo inayokutaka wewe: ondoa kikwazo, kisha iendeleze kwa Resume-BitsTransfer pamoja na ile -Asynchronous. Kazi ambayo haijafika mwisho usiipe Complete, maana utapokea faili zilizotimia tu na zile nusunusu zitapotea.

Nakusihi sana, usiguse Remove-BitsTransfer, amri ya kuondoa kazi. Mwaka jana nilidhani inasafisha orodha tu, kumbe inafuta na faili zile zilizofichwa. Picha za harusi ya mdogo wangu, nilizozivuta siku tatu kwa mtandao wa kuazima, zilikwenda zote. Nililia, somo. Kwa hiyo usiandike kitu kwa pupa. Muda unao: kazi isiyoguswa hukaa siku 90 kabla mfumo haujaifuta.

Safari nyingine ipe kazi jina kwa -DisplayName, ili uijue kwenye orodha, na uongeze -Priority Low, yaani kipaumbele cha chini. Usipotaja, inachukua Foreground, nayo hugombania mtandao na kila unachofanya. Low husubiri kompyuta yako iwe haiutumii sana.

Kama orodha ina neno usilolielewa, ipige picha unitumie kwanza. Nipo macho mpaka saa sita usiku, na ukinipigia nitapokea.

Akupendaye,
Somo wako