Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na masuala ya uanachama yako kwa katibu. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: hali tunayokutana nayo sisi watumiaji wa viti vya magurudumu, fimbo na magongo tunapotembelea majumba ya makumbusho, kumbi za maonyesho na viwanja vya michezo.

Malalamiko yenu yanafanana. Mtu anapiga simu kabla ya kwenda, anajibiwa, "Njoo tu, hakuna shida." Akifika anakuta ngazi, na vijana wawili wako tayari kumbeba na kiti chake cha magurudumu. Nia yao njema, lakini kubebwa si huduma. Anayebebwa anaweza kuanguka, anayebeba anaweza kuumia mgongo, na kiti cha umeme, ambacho chaweza kuzidi kilo 100, hakibebeki.

Ndiyo maana kamati imebadilisha fomu ya ukaguzi tunayojaza tunapotembelea mahali. Sasa tunauliza vipimo. Mlango una upana gani? Kiti cha magurudumu kinahitaji uwazi wa sentimita 80 hivi, na 90 ni afadhali. Mteremko je? Kipimo kinachofuatwa katika nchi nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kidato kimoja cha sentimita 15 kinadai mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi unaolazwa mlangoni kwa haraka humpindua mtu chali. Tunauliza pia: moto ukiwaka na lifti isitumike, aliye ghorofani atashukaje? Swali hili wenyeji wengi, yaani wasimamizi wa majengo hayo, hawakuwa na jibu lake.

Kuhusu choo mniwie radhi nikirefusha maneno, maana wapo kati yetu wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa kuhofia watakachokikuta. Mahali pamoja tulikuta choo kilichojengwa vizuri, mlango mpana, vyuma vya kushikilia vimekaza. Lakini pale pembeni, kiti kinapoegeshwa ili mtu ahamie, palijaa ndoo, mafagio na maboksi. Kamba nyekundu ya kuitia msaada ilikuwa imefungwa fundo juu, isimsumbue anayedeki. Kamba ile hutakiwa kushuka hadi karibu na sakafu, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni aliyekwisha kuanguka. Kulifungua fundo hakukuhitaji bajeti wala mhandisi. Msimamizi alilifungua tukiwa palepale, na tunamshukuru.

Viwanjani, tatizo ni kuona. Goli likinukia, walio mbele husimama wote, na aliye kwenye kiti hubaki akitazama migongo. Nafasi zetu ziinuliwe, na mwenzako uliyekuja naye akae ubavuni, si safu tatu nyuma.

Wanaotumia fimbo na magongo wametukumbusha kwamba nao ni wanachama, na wana haki. Kwao ngazi tatu zenye reli huenda zikawa nafuu kuliko mteremko mrefu, na foleni ya nusu saa bila benchi ni adhabu. Fomu sasa inauliza habari za viti vya kupumzikia na reli.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba jengo la kale haliguswi. Mlima wa Acropolis kule Athens, wenye mahekalu ya zaidi ya miaka 2,400, ulipata lifti mpya mwaka 2020. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika kifungu cha 30 unataja kumbi za maonyesho, makumbusho, sinema, maktaba na huduma za utalii. Kwa hiyo tunapoandika barua hatuombi fadhila, na ningependa barua zetu zisomeke hivyo.

Kwa mwaka ujao, kila mwanachama atakayetoka achukue fomu na futi kamba kwa katibu. Pimeni mlango wa mbele, siyo ule wa jikoni mtakaoelekezwa, na mpige picha ya choo kama mlivyokikuta. Kamati itapeleka majibu kwa wenyeji kwanza, kisha itayasambaza kwa wanachama wote.

Mwenyekiti