Yah: Malalamiko Kuhusu Usimikaji wa Nodi Kuu ya Ufuatiliaji na Kufutwa kwa Kumbukumbu Zetu

Morogoro, 2 Aprili 2025

Mkurugenzi Mtendaji,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Naandika kwa heshima, baada ya barua pepe zangu nne kukosa jibu na simu yenu ya huduma kwa wateja kuita hadi kukata. Masharti ya mkataba mnayo, sina haja ya kuyanukuu. Ninachotaka uongozi ujue ni kilichotokea ndani ya chumba changu cha seva Ijumaa tarehe 14 Machi usiku, kwa sababu taarifa mliyoletewa na fundi wenu si ya kweli.

Hati ya agizo ilieleza wazi: kifaa kipya kiwe nodi kuu ya ufuatiliaji, yaani kile kinachoangalia vifaa vyetu vya mtandao na kutuma tahadhari, cha zamani kibaki nodi ya akiba, ya kushika kazi ile kuu ikizimika. Cha zamani ndicho kilichobeba kila kitu. Orodha ya vifaa 63 vya makao makuu na matawi ya chama chetu cha akiba ya Kilosa, Ifakara na Mahenge, viwango vya kuamua tahadhari itumwe lini tulivyovirekebisha kimoja kimoja kwa jasho letu, na kumbukumbu za miezi 14. Kipya kilikuwa kitupu, ndiyo kwanza kimetoka kwenye boksi.

Kazi hii ina utaratibu wake, na nyinyi ndio mnaoiuza. Bakapu, yaani nakala ya data zote, inachukuliwa kwanza na kuwekwa nje ya kifaa. Saa za vifaa vyote viwili zinalinganishwa, na kila kimoja kinahakikishwa kuwa kinalitambua jina la mwenzake. Halafu kile kipya ndicho kinachounganishwa kwa cha zamani kama akiba, kinaachwa kinakili data mpaka kimalize, ndipo kinapandishwa kuwa kikuu. Nodi inayojiunga ndiyo inayofutwa na kujazwa data ya ile inayoipokea. Fundi wenu aligeuza mambo. Ile tupu aliifanya kuu tangu mwanzo, kisha akaniagiza niiunganishe kwake ile iliyojaa.

Nilisita. Skrini ilitoa onyo jekundu kwamba data zote za nodi hiyo zitafutwa. Nikamsomea kwenye simu neno kwa neno, nikamwuliza, "Kaka, una uhakika? Hii ndiyo yenye kumbukumbu zetu." Akacheka. Akasema, "Dada, hilo onyo linamtokea kila mtu. Bonyeza, acha woga. Kama huwezi, nitafutie mwanaume hapo abonyeze."

Nikabonyeza. Orodha ya vifaa 63 ikawa sifuri.

Na kwa nini nilikuwa naongea naye kwa simu? Tulilipia fundi wa kufika. Jumanne ya wiki hiyo hiyo nilipiga kuulizia anakuja lini, nikaambiwa yuko njiani kutoka Dar es Salaam. Hakufika Jumanne, hakufika Jumatano. Ijumaa saa tatu usiku ndipo akapiga na kusema tutaimaliza kwa simu, kazi ndogo.

Siku sita baadaye, saa nane na dakika 14 usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 20, mawasiliano ya Ifakara yalikatika. Hakuna simu ya mtu yeyote iliyopata ujumbe, kwa kuwa orodha ya wapokeaji wa tahadhari ilifutika pamoja na mengine. Tulijua asubuhi, wanachama wakiwa wamepanga foleni mlangoni kutoa akiba zao. Tulipofungua kumbukumbu za kifaa kipya ili tumweleze mkaguzi wa ndani, zikaonyesha saa 23:14 ya tarehe 19. Kifaa kiliachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya saa ya Tanzania! Mkaguzi aliniuliza tukio ni la siku ipi. Mimi, mwenye miaka 11 katika kazi hii, nikaanza kumhesabia kwa vidole.

Halafu ikaja taarifa yenu ya kufunga kazi, imeandikwa kwamba "mteja alifuta data kwa kutozingatia onyo".

Kutozingatia onyo? Naomba nirudie, kwa sababu aliyeandika maneno haya hakuwepo. Ilikuwa saa nne na dakika 40 usiku. Simu ilikuwa mezani kwenye spika, kwa kuwa fundi wenu alitaka mikono yangu yote miwili iwe kwenye kibodi. Vijana wangu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja yuko kwenye mafunzo ya vitendo, ana wiki tatu tu ofisini. Nililisoma lile onyo kwa sauti mara mbili. Nilisema nataka kuchukua bakapu kwanza, akasema hana usiku mzima wa kunisubiri. Kisha kile kicheko, na "nitafutie mwanaume". Yule wa mafunzo akainamisha kichwa. Ni yeye aliyepiga picha ya skrini kabla sijabonyeza, na picha hiyo naiambatisha.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba barua ya radhi na taarifa iliyosahihishwa. Hayo bado nayataka. Lakini pia nataka mhandisi afike hapa kwa gharama zenu, avirudishe vifaa vyote 63 na viwango vyake, aweke saa sawa, na asiondoke kabla hatujazima nodi kuu na kuona ile ya akiba ikichukua kazi. Ada ya usimikaji irudishwe yote. Na fundi yule asipangiwe tena kazi yetu yoyote.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitaiomba Bodi irudishe vifaa vyote viwili na kudai fedha yote ya manunuzi, na malalamiko haya yatafikishwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Vijana wangu wote wawili wamekubali kutoa maelezo.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwanasheria wa Chama
Kiambatisho: Picha ya skrini, 14 Machi 2025