Deni langu niliandika, na kibali nikapewa

Mhariri,

Tangu nipate kazi kwenye kampuni yenye kandarasi ya Wizara ya Ulinzi hapa Texas, vijana wa nyumbani wanaoishi Marekani hunipigia simu na swali moja: "Dada, nina madeni. Nikiomba kibali cha usalama si nitakataliwa?" Kibali hicho ni ruhusa ya serikali ya Marekani ya kushughulika na siri zake. Naomba nafasi niwajibu wote kwa pamoja.

Mwaka 2019 babangu aliugua figo, akawa anasafishwa damu Mombasa mara mbili kwa wiki. Mimi ndiye kifungua mimba, na ndiye niliye ng'ambo. Nilituma mshahara, ulipokwisha nikakopa kwa kadi tatu. Alipofariki nilikuwa nadaiwa dola 9,300, na kadi mbili zilikuwa zimeshapelekwa kwa wakusanya madeni. Nilinyamaza. Kwetu Voi mtu hatangazi deni lake. Ni aibu ya nyumba nzima.

Nilipopata uraia nikaombewa kibali. Fomu yake, SF-86, ina zaidi ya kurasa 100. Inauliza kuhusu jamaa zako walio nje, mali uliyo nayo nje (hata kishamba changu cha Voi nilikiandika) na kama katika miaka 7 iliyopita umewahi kuchelewesha deni kwa zaidi ya siku 120. Mwenzangu mmoja, Mkenya, aliyekuwa akijaza fomu hiyo hiyo, aliniambia, "Dadangu, usijitie kitanzi. Andika hapana."

Sikulala usiku ule. Asubuhi niliandika madeni yote matatu. Kisha nikawapigia simu wale wakusanya madeni, tukakubaliana dola 150 kila mwezi. Mchunguzi alipokuja nilimwekea mezani risiti za pesa nilizotuma Mombasa, cheti cha kifo cha baba na uthibitisho wa malipo ya miezi minne. Aliuliza mengi, na mengine yaliniuma. Baada ya miezi minane kibali kikatoka.

Mwenzangu alidaiwa dola 2,000 tu, za gari lililochukuliwa na benki. Aliandika hapana. Wachunguzi wana rekodi za mikopo za kila mwombaji, kwa hiyo deni lilionekana mara moja. Barua aliyoletewa ilitaja deni, lakini sehemu kubwa ilikuwa juu ya lile jibu lake. Akanyimwa.

Wenye kutoa vibali hawaogopi umaskini. Mwongozo wao unasema wazi kwamba ugonjwa, talaka au kupoteza kazi ni mambo yanayoweza kumtetea mwenye deni, mradi amejitahidi kulipa kwa nia njema. Wanachoogopa wamekiona. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyelemewa na madeni, aliingia ubalozi wa Kisovieti Washington mwaka 1985 akauza siri kwa dola 50,000 za kwanza. Alikamatwa mwaka 1994. Kufikia hapo watu kadhaa aliowataja walikuwa wameuawa. Mtu anayeficha deni ana kitu ambacho mwingine anaweza kukigundua na kumshika nacho shingoni.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kugusa fomu itisheni ripoti yenu ya mikopo, hutolewa bure. Isomeni mstari kwa mstari, na anzeni kulipa hata kidogo. Nanyi wazazi wetu, mtoto akisema hana, msimwite mwenye roho ngumu. Mimi sikuthubutu kumwambia mamangu kwamba pesa zile ni za kukopa hadi miaka miwili baada ya mazishi. Alilia, akaniuliza mbona sikusema.

Mwenzangu sasa yuko ghalani, zamu ya usiku. Amepata mwajiri aliye tayari kumdhamini aombe upya. Jumamosi hii anakuja kwangu na karatasi zake zote, tuijaze fomu pamoja.

Mzaliwa wa Voi,
Killeen, Texas
(Jina limehifadhiwa)