Muziki wa gari lako, shoga

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Hongera ya gari! Picha nimeziona, na mama kaziona, kasema rangi inakufaa ila uanze na dua kabla hujaanza na mwendo. Huku sote wazima, umeme tu ndio unatuchezea.

Sasa hilo la muziki. Umeniuliza kama ununue ile skrini ya Android ya inchi kumi uliyoonyeshwa kule Gerezani, Dar. Unajua mimi nakaa kaunta kwenye duka la kaka, nasikia kila aina ya maneno ya wauzaji, kwa hiyo nitakwambia kama ninavyowaambia ndugu, si kama ninavyowaambia wateja.

Redio iliyokuja na Toyota IST yako si mbovu. Ni ya Kijapani, basi. FM yao inaanzia 76 na kuishia 90, zile za karibuni 95, wakati ya kwetu inapanda hadi 108. Ndiyo maana stesheni nusu nzima huzipati. Kuna kidude kinafungwa kwenye waya wa antena kinashusha masafa, bei yake ndogo, lakini namba kwenye kioo zinakuwa za uongo (stesheni ya 100 unaikuta kwenye 80) na mawimbi hukoroma. Kwa hiyo redio utabadilisha, hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kumalizia hela zote kwenye skrini. Skrini haiimbi, Zuhura. Zinazoimba ni spika, na hizo ulizonazo mlangoni ni karatasi nyepesi za kiwandani.

Anzia hapo. Spika za mbele tu. Za nyuma ziache zilivyo, wewe unakaa mbele. Magari mengi ya Toyota yanakula inchi sita na nusu, ila fundi apime kwanza, mlango una kina chake. Kama mfuko unaruhusu, chukua zile ambazo twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inakuja peke yake, unaifunga juu karibu na kioo. Spika ikiwa chini mlangoni sauti inakupiga magotini, na wewe mpenzi wa taarabu unataka kusikia nyuzi za ala ya kanuni na fidla zikiwa usawa wa uso, mwimbaji kama kakaa juu ya dashibodi. Twita ndiyo inayokupa hilo.

Sasa wati. Shoga, usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Ile ni ya kukimbiza macho. Tafuta iliyoandikwa RMS, ndiyo nguvu ambayo kitu kinaihimili muda wote bila kuungua. Isipoandikwa popote, rudisha boksi. Na ukitaka kumnyamazisha muuzaji, angalia fyuzi za amplifaya, kile kifaa kinachozipa spika nguvu. Juzi kaletwa mgeni dukani kwetu, amplifaya imeandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Fyuzi mbili, ampea 30 kila moja. Haya piga hesabu: 60 mara volti 14 za gari linalounguruma ni 840, na hapo sehemu inapotea kwa joto. Hizo 3000 zinatoka wapi? Ukifanya hesabu hiyo kwa sauti pale kaunta, utashangaa bei inavyoshuka.

Wewe huhitaji hata hiyo. Amplifaya ndogo ya njia nne za kutolea sauti, wati 50 hadi 75 za RMS kila njia, inatosha IST ikajaa. Njia mbili zipeleke spika za mbele, mbili zilizobaki ziunganishwe ziendeshe sabufa ndogo ya chini ya kiti. Najua shemeji anataka lile boksi la inchi 12 lenye tundu. Linapiga, sikatai, kwa amapiano linatikisa hadi namba ya gari. Lakini buti ya IST ikishameza boksi hilo, gunia la mchele utalipakata wewe. Na besi ya boksi la tundu inavuta, haina haraka. Gitaa la besi la muziki wa dansi linataka boksi lililofungwa, kila noti ikatike mahali pake.

Kwenye waya ndiko wanakopiga watu. Nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ukiona weupe ndani, waache nayo. Waya mkubwa kutoka betri uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita, maana waya huo ukichubuka kwenye bodi bila fyuzi ni moto. Waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Na zile waya nyembamba za sauti zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri, la sivyo kila ukikanyaga mafuta utasikia mluzi wa altaneta, ile inayochaji betri, ndani ya wimbo.

Redio nunua pamoja na plagi ya Toyota ya kuunganishia, fundi asikate waya hata moja. Na fremu yake pia, kwa sababu tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio nyingi ni 180, inabaki nafasi pembeni kama mapengo.

Kitu kimoja ambacho hakuna atakayekuuzia kwa kuwa haking'ai: zile shiti za mpira mzito zinazobandikwa ndani ya mlango. Gonga mlango wako kwa kucha, unasikia debe. Ukishabandika, gonga tena. Spika ileile inapata besi ambayo haikuwa nayo. Wakati wa kubandika, simama pale: ile nailoni nyuma ya kava la mlango irudishwe nzima, wakiichana masika yataingia mpaka kwenye kapeti.

Usichague spika kwa kusikiliza zile zilizotundikwa ukutani, duka si gari. Omba ukae kwenye gari walilokwisha kufunga, kiti cha dereva, uweke flashi yako mwenyewe yenye nyimbo unazozijua kwa kila pumzi, si hizo zilizopita WhatsApp mara kumi.

Usiende Jumamosi, mafundi wanakuwa na magari manne kwa mpigo. Kaka anakuja Dar Jumatano kufuata mzigo, anasema atakwenda nawe Gerezani asubuhi, ila chakula cha mchana ni juu yako na anataka samaki. Mpigie usiku, mchana hashiki simu.

Wasalimie watoto na shemeji, mwambie ya boksi nimeyasema mimi.

Shoga yako,
Mwanaidi