Risala ya Klabu ya Mpira wa Magongo ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Skuli, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Sheha wetu, wajumbe wa Kamati ya Skuli, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima tukakutana hapa leo, na tunakushukuru wewe kwa kuyaacha majukumu yako ukaja kutuangalia tukicheza mchezo ambao wengi waliokaa chini ya mwembe ule wameuona leo kwa mara ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Risala za skuli huanza na idadi ya madawati. Sisi tumemuomba Mwalimu Mkuu ruhusa tuanze na mtu, naye ni Luciana Aymar wa Argentina, ambaye namba yake, 8, umeiona imeandikwa kwa wino kwenye fulana tatu za timu moja, jambo ambalo mwamuzi amelivumilia kwa kuwa leo ni siku ya furaha.

Aymar alizaliwa mjini Rosario mwaka 1977, akalishika gongo angali mtoto mdogo. Mwaka 1998 alicheza Kombe la Dunia akiwa na timu ya taifa ya wakubwa, na hakuiacha timu hiyo hadi mwishoni mwa 2014, alipokuwa na umri wa miaka 37. Katika muda huo alipata medali katika Olimpiki nne mfululizo: fedha Sydney 2000, shaba Athens 2004, shaba Beijing 2008, na fedha tena London 2012, ambako ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake. Kombe la Dunia alilitwaa mwaka 2002 kule Perth, kisha mwaka 2010 mjini Rosario kwenyewe, mbele ya watu waliomjua tangu utotoni, Argentina ilipoifunga Uholanzi 3–1. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilimchagua mchezaji bora wa mwaka mara nane, na hakuna mwengine, mwanamke wala mwanamme, aliyefikia idadi hiyo.

Dhahabu ya Olimpiki hakuipata. Fainali ya Sydney walifungwa na Australia, ya London wakafungwa na Uholanzi. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaotuuliza kila Ijumaa tumeleta kombe gani, nasi hatuna la kuwaonesha. Katika mashindano hayohayo ya Sydney, Waargentina walipobanwa na hesabu ya pointi, walivaa kwa mara ya kwanza fulana zenye picha ya simba jike, wakaifunga Uholanzi, na tangu siku hiyo timu yao inaitwa Las Leonas, yaani simba majike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Gongo lina upande mmoja tu bapa, na sheria inakataza kuupiga mpira kwa upande wa mviringo, wala mguu hauruhusiwi kuugusa. Kwa hivyo anayetaka kuupeleka mpira kulia na kushoto hana budi kuligeuza gongo juu yake kila mara, mkono wa kushoto ulioshika ncha ya mpini ukizungusha, na wa kulia ukiliachia lizunguke ndani ya kiganja. Aymar, aliyekuwa kiungo, alifanya hayo mbioni, mgongo umeinama, mabeki watatu wamemzunguka, na mpira umeganda kwenye gongo kama uliotiwa ulimbo. Kwao walimpa jina la La Maga, ambalo kamusi inasema ni mchawi wa kike. Sisi, kwa kuwa tuko Pemba, tumeona ni salama zaidi kumwita bingwa wa mazingaombwe.

Tulimtazama kwenye kompyuta ya mwalimu wetu wa michezo, tukairejesha picha nyuma mpaka chaji ikamalizika, kisha tukatoka nje kujaribu. Yeye alichezea nyasi bandia zinazomwagiwa maji ili mpira uteleze. Cha kwetu ni kiwanja cha mchanga, na msimu wa karafuu hugeuka uwanja wa kuanikia. Majamvi yakishatandikwa mazoezi husita, wala hatulalamiki, maana karafuu hizo ndizo zinazotununulia sare. Kati ya magongo yetu ishirini na mbili, saba ni ya dukani. Yaliyobaki ameyachonga fundi seremala wa mtaani kwa matawi ya mpera yaliyopinda yenyewe.

Vifaa tutavipokea kwa mikono miwili, lakini silo ombi letu kubwa. Alipocheza Kombe lake la kwanza la Dunia, Aymar alikuwa na miaka 20. Dada zetu walioianzisha klabu hii, kwa umri huo, walikuwa wameshaliweka gongo nyuma ya mlango, kwa sababu ukimaliza Kidato cha Nne hapana timu ya kwenda. Wala mchezo huu si mgeni Afrika: mwaka 1980 kule Moscow, wanawake wa Zimbabwe walichukua dhahabu ya kwanza kabisa ya magongo ya wanawake katika Olimpiki, na timu ya wanaume ya Tanzania ilikuwepo hukohuko ikicheza. Tunaomba utusaidie kupata idhini ya kiwanja cha kudumu na saa mbili za jioni, mara mbili kwa wiki, ili waliomaliza skuli, wakiwemo walioolewa, wacheze pamoja nasi.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi gongo moja la mpera, la mtoto wa miaka minane, kwa binti yako mdogo uliyekuja naye, ambaye tangu asubuhi ameng'ang'ania la golikipa wetu na hataki kulirejesha.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Wabillahi tawfiq.

Wachezaji wa Klabu