Serikali isiturudishie benki ya nyumba, itupe hati

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili la mikopo ya nyumba limenikaa rohoni. Siku hizi ukikaa na watu, iwe kazini iwe kwenye daladala, utasikia dawa ya riba kubwa ni serikali ianzishe benki yake ya nyumba, imiliki yenyewe na riba ipange yenyewe, basi kila mtu atajenga. Mi naona watu wamesahau, au wengi walikuwa hawajazaliwa, lakini hiyo benki tulishakuwa nayo.

THB, Benki ya Nyumba Tanzania, ilianza 1973 na mwenye mali alikuwa serikali. Nisimnyime mtu haki yake, wapo wazee waliojenga kwa mkopo wa THB na nyumba zao zimesimama mpaka leo, watoto na wajukuu wanakaa humo. Ila mkopeshaji akiwa serikali kudai inakuwa mtihani, hivi nani ataenda kupiga mnada nyumba ya mkubwa wakati mkubwa huyohuyo ndo anamteua bosi wa benki? Na sio THB peke yake, benki za umma za enzi hizo zilijaa madeni yasiyolipika, ilipofika 1995 THB ikafungwa, na nyumba ni biashara ya miaka 20, sio kitu cha kufungua na kufunga.

Kuna watakaosema basi tufanye kama Marekani, kampuni iwe ya watu binafsi ila serikali isimame nyuma yake. Aah, huko nako yalitokea. Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, ilianzishwa na serikali 1938, baadae ikawa ya wenye hisa, Freddie Mac ya kazi hiyohiyo ikaja 1970, mambo yakiwa mazuri wenye hisa wanakula gawio, yalipoharibika Septemba 2008 serikali ikabidi izishike zote mbili na hazina ikamwaga zaidi ya dola bilioni 180. Baadae zilirudisha hela nyingi kweli, lakini siku ya hasara aliyeitwa ni mlipa kodi.

Sasa kwetu tangu 2010 ipo TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), wengi hawaijui kwasababu haimkopeshi mtu wa mtaani, yenyewe inazikopesha benki hela za muda mrefu ili na benki ziweze kukupa miaka 15 au 20, na wenye hisa wengi ni benki zenyewe. Huo utaratibu mi sina ugomvi nao, serikali ikiweka mkono hapo na kusimamia sheria inatosha.

Tatizo ni riba bado inaua. Chukua milioni 50 kwa asilimia 17 miaka 20, kwa mwezi unalipa kama laki saba na thelathini, mpaka unamaliza umetoa kama milioni 176, yaani umejengea benki nyumba mbili na nusu na wewe umepata moja (wife anasema nimezidi mahesabu, sawa). Ingekuwa asilimia 9 ungelipa kama laki nne na nusu. Watu wanailaumu benki, lakini mwaka 2021 hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani serikali inakopa kwa watu na benki na kuwalipa riba, ilikuwa inalipa asilimia 15.95, sasa benki ikusumbukie wewe na mshahara wako wa mashaka kwa lipi wakati serikali inachukua hela hiyohiyo na haikimbii? Kwahiyo serikali hiyohiyo tunayotaka itushushie riba ndo mteja mkubwa anayeipandisha.

Alafu tuje kwenye hati ya kiwanja. Mi kiwanja ninacho, nilikinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanne, muhuri, picha ndogo kila mtu. Nikaenda benki moja nikiwa nimechomekea kabisa, ofisa mikopo akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akaniambia kwa upole kaka hii haiwezi kuwa dhamana, lete hati. Nikaenda ofisi ya ardhi, nikalipia upimaji, nikaambiwa faili linashughulikiwa. Huu mwaka wa tatu, kila nikienda namkuta mtu mpya dirishani na naanza kueleza upya tangu mwanzo. Sasa niambieni, hata serikali ikifungua benki yake kesho, mtu kama mi na wenzangu wote wenye karatasi za mtaa tutaweka nini mezani? Hiyo hati haitolewi na benki, inatolewa na serikali.

Msingi wangu nilishaumwaga, nondo zimechomoza na zimeota kutu, majirani wamefunga kamba wanaanikia nguo. Siwagombezi, hata mi nikipita jumapili nakuta mashuka yanapepea naona angalau kiwanja kina kazi.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam