Tuulizwe pia tunavyoishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watu wazima wanaoishi na ugonjwa wa Takayasu, ambao kinga ya mwili huzivimbisha kuta za mshipa mkuu wa damu utokao moyoni pamoja na matawi yake, njia ya damu ikasinyaa hadi mapigo yakakosekana kwenye kifundo cha mkono. Umepewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Ni ugonjwa adimu, na wengi wanaoupata ni wanawake ambao hawajafika miaka 40.

Mimi ni mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, tena natumia mkono wa kushoto. Nikiuinua kuandika tarehe juu ya ubao, kufikia neno la tatu unakufa ganzi na chaki inadondoka. Kwa miaka miwili niliandika nusu ya chini tu, na mkuu wangu wa shule wa wakati huo akauita uvivu. Kumsuka binti yangu, kuanika nguo, kushika bomba ndani ya daladala, kote huko mkono hukataa. Zahanati moja, mashine ya presha iliposhindwa kusoma mkono huo, muuguzi alilaumu betri, akapima wa kulia na kuniruhusu niende. Tofauti ile ya mikono miwili ndiyo iliyokuwa jibu lenyewe.

Sina ugomvi na dawa. Prednisoloni imenituliza, ingawa imenijaza uso hata majirani wakanipongeza kwa kunawiri, na methotreksati, ninayoimeza mara moja kwa wiki, hainiruhusu kushika mimba, jambo lenye mazungumzo marefu nyumbani kwa mwanamke aliyeolewa. Kinachonisononesha ni kwamba kliniki hupima kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu, ambayo huongezeka mwilini kukiwa na uvimbe, na majibu yakiwa mazuri napangiwa tarehe nyingine, ilhali kipimo hicho huweza kuwa cha kawaida huku mshipa ukiendelea kuvimba. Na hata uvimbe ukikoma kweli, uchovu unaweza kubaki palepale.

Lipo dodoso liitwalo SF-36, lenye maswali 36 kuhusu maumivu, uchovu, kupanda ngazi, kubeba mizigo, kazi na huzuni, ambalo watafiti wamekwisha kulitumia kwa wagonjwa wa Takayasu na kuwakuta wakiwa na hali duni kuliko watu wenye afya. Halihitaji maabara. Naomba hospitali zetu za rufaa zitupe tulijaze tukiwa kwenye foleni, daktari alisome pamoja na majibu ya damu, na palipo na shida ya kazi amwandikie mwajiri.

Kwangu barua ya namna hiyo ilitosha. Mkuu wa shule wa sasa alimwita fundi, ubao ukashushwa sentimita 30, na kazi ikaisha kabla ya uji wa saa nne.

Mwalimu,
Morogoro